Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Mamalia wa Misitu Inayoizunguka Dar es Salaam

Maswali haya ndiyo yanayojirudia kila mara: kwa wanafunzi wanaoletwa Pugu na walimu wao, kwa wakazi wa Mbezi na Kisarawe wanaosikia sauti usiku, kwa mama lishe na wauza mkaa, na kwa vijana wanaotaka kusomea wanyamapori. Yameanza na ya msingi na kuishia kwenye hali za pekee. Jibu moja linapogusa jingine, umeelekezwa kwa namba.

## Mambo ya msingi

1. Kweli kuna msitu wa asili karibu na Dar es Salaam?

Upo, tena si mmoja. Ukipanda daladala ya Kisarawe kutoka Gongo la Mboto, ukishapita Pugu barabara inaanza kupanda vilima, na miti unayoiona ni ya msitu wa Pugu-Kazimzumbwi. Sehemu ya Pugu ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1954. Siku hizi msitu wote ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Kaskazini-magharibi mwa jiji kuna Pori la Akiba Pande, linalosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania, TAWA. Ukishika njia ya Kilwa unakuta msitu wa Vikindu, wilayani Mkuranga. Mbali kidogo kuna Ruvu Kusini, na ukivuka Bagamoyo kwenda kaskazini kuna Zaraninge, ambao sasa umo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani.

Yote hiyo ni mabaki ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, iliyoanzia kusini mwa Somalia ikashuka hadi Msumbiji. Leo imebaki vipande vipande, na kwa viumbe wengine kipande kimoja kikiondoka, sehemu kubwa ya kizazi chao duniani imeondoka nacho.

2. Misitu ya pwani na milima ya Tao la Mashariki ni kitu kimoja?

Hapana, ni majirani. Tao la Mashariki ni safu ya milima 13 inayoanzia Taita nchini Kenya na kuishia Udzungwa. Katikati yake wapo Upare, Usambara, Nguru na Uluguru. Mawingu ya Bahari ya Hindi yamekuwa yakiinyeshea milima hiyo kwa mamilioni ya miaka, hata vipindi ambavyo sehemu nyingine za Afrika zilikauka. Ndiyo maana imehifadhi viumbe wa koo za kale ambao kwingine walikwisha. Misitu ya pwani iko chini, ina joto, na miti yake mingi hupukutisha majani wakati wa kiangazi.

Wapo wanyama wanaoishi kote kuwili, kama sange (swali la 6) na perere (swali la 5). Wapo wasiotoka milimani. Kipunji, nyani mwenye mkia mrefu wa Rungwe na Udzungwa, alitangazwa kwa ulimwengu wa sayansi mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikabidi apewe jenasi yake mwenyewe kwa sababu hakufanana na yeyote aliyejulikana. Wanyakyusa, bila shaka, walikuwa wakimjua na kumwita kwa jina siku zote.

3. Kwa nini mnahangaika na komba na panya wakati nchi ina tembo na simba?

Kwa sababu tembo na simba wana wasemaji wengi, na kwa sababu wadogo hawa hawana mahali pengine pa kwenda. Simba ukimkosa Mikumi utampata Ruaha. Komba wa Rondo, anayeelezwa katika swali la 4, ukimkosa kwenye vipande vichache vya msitu wa pwani ya Tanzania, hutampata popote duniani.

Sababu ya pili ni kazi wanayoifanya. Miti mingi ya misitu ya kitropiki haisambazi mbegu kwa upepo. Matunda huliwa, mbegu zikabebwa tumboni, mashavuni au mdomoni, zikaangushwa mbali na mti mama ambako zina nafasi ya kuota. Panya buku, yuleyule anayefundishwa kunusa mabomu na vimelea vya kifua kikuu katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, akiwa msituni hufukia mbegu za akiba huku na kule. Zile anazozisahau huota. Msambu, mti wa milimani wenye mbegu za mafuta, unategemea wanyama wa aina yake. Msitu uliokosa wanyama hawa unaendelea kusimama kwa miaka mingi, lakini haujizai tena kama zamani.

4. Mnyama gani ndiye wa pekee zaidi katika misitu ya karibu na jiji?

Kwangu mimi ni komba wa Rondo, na sioni wa kushindana naye. Uzito wake ni gramu 60 hivi, kwa hiyo ni miongoni mwa komba wadogo kuliko wote. Ametambuliwa rasmi kama spishi mwaka 1997 tu. Jina lake linatokana na uwanda wa Rondo mkoani Lindi, lakini yupo pia Pugu-Kazimzumbwi, Pande na Zaraninge. Maana yake, mkazi wa Dar anaishi mwendo wa daladala kutoka kwa mmoja wa wanyama adimu kabisa wa jamii ya nyani duniani. Amewahi kuwekwa zaidi ya mara moja kwenye orodha ya kimataifa ya wanyama 25 wa jamii ya nyani walio katika hatari kubwa kuliko wote.

Mkia wake ndio kitambulisho: manyoya yake yamesimama pande zote kama brashi ya kuoshea chupa, na yana wekundu. Usiku hukaa sehemu za chini za msitu akiwinda wadudu, akirukaruka kwenye vijiti vilivyosimama wima. Watafiti humtambua hasa kwa sauti, kwa kuwa kila aina ya komba ina mlio wake, na spishi mbili zinazofanana sana kwa macho huachana kabisa zikifungua midomo.

## Wanyama wanaoulizwa sana

5. Usiku nasikia kilio cha kutisha juu ya miti. Ni nini?

Mara nyingi ni mmoja kati ya wawili. Kilio kirefu cha kujirudia, ambacho wageni hudhani ni mtoto mchanga ametupwa porini, ni cha komba mkubwa. Huyu hupatikana hata kwenye mashamba ya minazi na bustani za pembezoni mwa jiji. Mlio unaoanza polepole, ukapanda na kuwa mkali wa kukwaruza hadi nywele zikasimama, ni wa perere.

Perere ni ndugu wa pimbi wa mawe, ila yeye hulala kwenye matundu ya miti mikubwa na kushuka mara chache. Mimba yake huchukua zaidi ya miezi saba, muda mrefu sana kwa mnyama wa umbo lake, na huzaa mtoto mmoja au wawili. Wakikamatwa wengi kwa mwaka mmoja, idadi yao hairudi haraka. Hakuna jini wala mchawi katika sauti hizo, na tunaomba sana mtu asikate mti kwa sababu ya hofu ya usiku.

6. Sange ni panya mwenye pua ndefu?

Anafanana, lakini si ndugu wa panya hata kidogo. Ukoo wake ni mmoja na tembo, pimbi, muhanga na nguva, koo zilizochipukia katika bara hili la Afrika. Pua yake inayopindapinda huchokora majani makavu ikitafuta mchwa, buibui na majongoo.

Sange wa misitu ya pwani ana rangi nyekundu mbele na nyeusi mgongoni. Huishi wawili wawili, dume na jike, katika eneo wanalolilinda, na hujenga viota vya majani ardhini. Kiota kimoja kwa jicho lisilozoea ni rundo la majani tu. Kwa hiyo anayefagia msitu kutafuta kuni, au anayechunga mbuzi ndani yake, anaweza kuharibu makazi yao bila kujua kwamba kulikuwa na kitu pale. Mwaka 2008 ulimwengu ulipata habari za sange mwingine mkubwa zaidi, mwenye uso wa kijivu na uzito wa gramu 700 hivi, anayeishi sehemu mbili tu za milima ya Udzungwa. Aligunduliwa kupitia kamera za kutegea, ambazo zimeelezwa katika swali la 15.

7. Popo wana faida gani? Wanachafua kuta na kula maembe yangu.

Wanachafua, ni kweli, na maembe yaliyoiva wanayapenda. Lakini tazama chini ya ukuta wowote wa Dar ulio karibu na mkungu: kokwa zilizotafunwa zimetapakaa hadi barabarani, mbali na mti wenyewe. Hivyo ndivyo popo wanavyofanya msituni pia. Mvule, mti wa mbao za thamani, husambazwa zaidi na popo wa matunda. Tofauti na ndege wengi, popo huangusha mbegu akiwa anaruka juu ya maeneo ya wazi, mahali ambapo msitu uliokatwa unahitaji kuanza upya. Popo wala wadudu nao hula nondo na mbu usiku kucha bila malipo.

Mfano unaonipa moyo uko ng'ambo ya bahari, Pemba. Popo wa kisiwa hicho, ambaye mabawa yake yakinyooshwa hufika mita 1.6, hapatikani kwingine. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1980 waliwindwa hadi wakabaki wachache sana. Wanavijiji, Kidike wakiwa maarufu kuliko wote, wakaamua kulinda miti wanayolala na kuacha kuwawinda. Hesabu ya miaka ya 2000 ilikuta wamekaribia 20,000. Hakuna kilichofanyika pale kisichowezekana Kisarawe.

Kuhusu popo na magonjwa, tazama swali la 19.

8. Paa, funo, chesi na minde wanatofautianaje?

Wote ni swala wadogo wa msituni, lakini hawalingani. Paa na chesi ni wale wa kilo tano au sita, wanaopita chini ya vichaka bila kugusa majani. Funo ni mkubwa zaidi na mwekundu. Minde ndiye jitu lao: anafika kilo 50 na zaidi, ana rangi nyeusi na kishungi cha nywele kichwani, na hayupo nje ya Tanzania. Anaishi milimani, kama Kilimanjaro, Udzungwa na Rungwe, na ni msiri kiasi kwamba picha ya kwanza ya minde akiwa huru porini ilipatikana mwaka 2003. Zanzibar wana paa nunga wao, naye yuko hatarini.

Majina haya hubadilika kutoka kijiji hadi kijiji. Ukiongea na mwindaji mstaafu wa Kisarawe au Rufiji, muulize rangi na ukubwa kabla hujaandika jina.

9. Mbega, kima, tumbili na nyani: nawajuaje?

Tumbili ana uso mweusi na mwili wa kijivujivu, hupenda maeneo ya wazi. Wale wanaovuka barabara pale Mlimani, Chuo Kikuu, ni tumbili. Kima ni mweusi zaidi, mzito, na hupenda miti mikubwa. Nyani wanatembea ardhini kwa makundi makubwa. Mbega mweusi mwenye nywele ndefu nyeupe mabegani anakula majani zaidi kuliko matunda, na hana kidole gumba cha maana mkononi. Kima punju wa Zanzibar ni jamaa wa mbega wekundu.

## Kinachowamaliza

10. Mkaa ninaonunua kwa kopo una uhusiano gani na wanyama?

Hili ndilo swali ninalotamani kila nyumba ya Dar ijiulize. Watafiti walipima misitu kuanzia pembezoni mwa jiji kwenda nje, mwaka 1991 na tena mwaka 2005. Mwanzoni eneo lililokuwa likichomwa mkaa kwa wingi liliishia kilomita 20 hivi kutoka mjini. Miaka 14 baadaye lilikuwa limefika kilomita 50. Uvunaji wa mbao za thamani ulikuwa umekimbia mbele zaidi, karibu kilomita tisa kila mwaka. Kwanza huenda mbao za bei kubwa, zikafuata mbao za kawaida, kisha mkaa ukamalizia kilichobaki.

Hesabu ya tanuru la udongo haifurahishi. Kupata kilo moja ya mkaa huteketea kilo tano hadi kumi za kuni. Na mchomaji hachagui vijiti, anataka mti mgumu, wa umri mkubwa. Mti huo ndio wenye matundu ambamo komba hulala mchana na perere hulea watoto. Hivyo, eneo linaweza kukatwa miti michache tu kwa ekari, likaonekana bado msitu kwa anayepita barabarani, na wakati huohuo likawa halina tena nyumba za kulala wanyama wake.

Simlaumu mama lishe anayepikia mkaa, wala kijana wa Kisarawe aliyekosa kazi nyingine. Mtungi wa gesi una gharama ya kuanzia, na mkaa hununuliwa kwa kopo kulingana na pesa ya siku ile. Ndiyo maana hatua za serikali zina uzito hapa: taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zilizuiwa kutumia kuni na mkaa kufikia Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Kwa nyumba ambayo tayari ina jiko la gesi au la umeme, maharage ndiyo yanayorudisha watu kwenye mkaa. Yaloweke usiku kucha, au tumia sufuria ya presha, na utaona kwamba sababu hiyo imeondoka.

11. Miti ipo, hakuna anayekata. Mbona sioni wanyama?

Huenda umetembea mchana, na wengi wao ni wa usiku. Lakini kuna jibu jingine gumu zaidi: msitu unaweza kuwa na miti na ukawa mtupu. Kinachoufanya mtupu ni kitanzi cha waya.

Waya hauchagui. Aliyeutega alitaka paa, lakini unamshika pia sange, fungo, kanu, nungunungu, hata mama mwenye mimba. Hauchoki, na ukisahauliwa na mtegaji unaendelea kukamata miezi mingi, mnyama akiozea palepale bila kumfaa mtu. Pamoja na waya wapo mbwa. Kundi la mbwa likipitishwa msituni usiku mmoja huacha sehemu nzima kimya.

Udzungwa imetupa ushahidi wa wazi. Msitu wa Mwanihana, ulio ndani ya hifadhi ya taifa na wenye askari, umefananishwa kwa miaka mingi na msitu wa Uzungwa Scarp, ambao kwa muda mrefu ulikuwa na ulinzi hafifu. Miti ya kote kuwili ni ya aina moja. Mbega wa Mwanihana walibaki na idadi yao, wakati wale wa Uzungwa Scarp walipungua vibaya mno. Tofauti ilikuwa uwindaji na ulinzi.

Ukikuta kitanzi, usikiguse kama hujui aliyekitega yuko wapi. Piga picha, weka alama ya mahali kwenye simu, mpelekee askari wa hifadhi.

12. Kula nyamapori ni kosa?

Kula siyo, kama imetoka kwenye bucha lenye leseni. Tangu kanuni za mwaka 2020 zilipotoka, mabucha ya nyamapori yanaruhusiwa, na mnunuzi hupewa risiti inayoonyesha nyama imetoka wapi. Nyama ya kuletewa na bodaboda usiku, iliyokaushwa na kufungwa kwenye mfuko, haina chochote kati ya hivyo. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, kukutwa nayo ni kukutwa na nyara za Serikali, na adhabu zake si za mzaha.

13. Kipande kidogo cha msitu kama Pande kinasaidia kweli?

Kinasaidia, ila kina mipaka yake. Kundi dogo la wanyama lililozungukwa na nyumba halipokei damu mpya. Ugonjwa mmoja au moto mmoja wa kiangazi unaweza kulimaliza, na hakuna wa kuja kujaza nafasi. Pembezoni jua na upepo hukausha ardhi, kwa hiyo kadiri kipande kinavyopungua ndivyo sehemu ya ndani yenye unyevu inavyokwisha haraka kuliko ramani inavyoonyesha.

Dawa yake ni shoroba, yaani mapito yanayounganisha msitu na msitu. Mang'ula, bondeni Kilombero, imejengwa njia ya tembo inayopita chini ya barabara kuu ili watoke Udzungwa kwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere bila kugongana na magari wala mashamba. Kwa komba wa Pande hatuhitaji jambo kubwa kiasi hicho. Ua wa miti ya asili ulioachwa kati ya viwanja, matawi yakigusana, tayari ni njia. Jozani, Zanzibar, matuta ya barabarani peke yake yalipunguza vifo vya kima punju waliokuwa wakigongwa.

14. Haya yote yanahusianaje na maji ya bomba langu?

Maji mengi ya Dar hutoka Mto Ruvu, kupitia mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, na sehemu kubwa ya mto huo huanzia Uluguru. Waliokaa na ndoo tupu wakati wa mgao wa Oktoba 2022 wanajua mto ukipungua hali inakuwaje. Mvua zilikosa mwaka ule, na msitu hauwezi kuleta mvua kwa amri. Kazi yake ni kuipokea ile inayonyesha, ikazama ardhini na kutoka polepole kiangazi. Msitu huohuo unahitaji wanyama wa kuusambazia mbegu, kama ilivyoelezwa katika swali la 3.

## Wanahesabiwaje

15. Watafiti wanajuaje idadi ya mnyama asiyeonekana?

Kwa kamera za kutegea, zaidi ya njia nyingine zote. Ni kisanduku kinachofungwa kwenye mti usawa wa goti. Kina kihisio cha joto la mwili linalosogea, na mnyama akipita kinapiga picha na kuandika saa na tarehe. Udzungwa zimekuwa zikiwekwa kila mwaka tangu 2009, sehemu zilezile, ili mwaka ulinganishwe na mwaka. Kwa mbega na kima watu hutembea kwenye njia zilizopimwa alfajiri, wakiandika makundi wanayoyaona. Kwa komba hurekodiwa sauti usiku.

Namba inayopatikana mara nyingi si hesabu ya vichwa. Ni kipimo cha sehemu ngapi za msitu zina mnyama fulani, na kama sehemu hizo zinaongezeka au zinapungua.

16. Kamera isipompiga picha, ametoweka?

Sivyo. Huenda alipita nyuma yake, au juu yake. Ndiyo maana kamera huachwa mahali pamoja kwa wiki kadhaa: mwenendo wa siku alizoonekana na siku ambazo hakuonekana humsaidia mtafiti kukadiria uwezekano wa kumkosa aliyepo. Kima punju ni funzo zuri. Alidhaniwa kuwa mchache sana, lakini walipohesabiwa kisiwa kizima kwa uangalifu walipatikana 5,862, mara tatu ya makadirio ya awali. Bado yuko hatarini, kwa kuwa kisiwa hakiongezeki, lakini sasa mipango inategemea namba halisi.

## Hali za pekee

17. Tumbili wanaingia jikoni kwangu. Nifanyeje?

Acha kuwalisha, na mwombe jirani aache pia. Tumbili aliyezoea mkono wa mtu ndiye anayekuja kuvunja dirisha. Funika pipa la taka, weka wavu madirishani, chuma matunda kabla hayajaiva kupita kiasi. Usiweke sumu: itamuua mbwa wako, na mwewe atakayekula mzoga. Wakiwa wakali, mwite afisa wanyamapori wa wilaya.

18. Nimemwokota komba mdogo, au nimeletewa kakakuona. Naweza kumfuga?

Hapana, kwa wote wawili. Sheria inataka kibali, na maisha yao hayaruhusu. Mama komba huacha mtoto tawini akaenda kutafuta chakula, kisha humrudia. Kwa hiyo mtoto uliyemkuta peke yake pengine hakupotea. Mrudishe juu ya mti uleule kabla ya usiku, ondoka, zuia mbwa. Kama ameumia, mweke ndani ya boksi lenye giza na matundu ya hewa, usimpe maziwa ya ng'ombe, piga simu ofisi ya TAWA au TFS iliyo karibu.

Kakakuona anahitaji maelezo zaidi, kwa sababu sehemu nyingi akionekana watu hukusanyika. Huwekewa maji, nafaka na silaha, na alichokiendea huchukuliwa kuwa utabiri wa mwaka. Mila hiyo ilimlinda vizazi vingi, maana mgeni wa heshima haliwi. Sasa mambo mawili yamebadilika. Magamba yake yana soko la magendo, na tangu Januari 2017 biashara yake ya kimataifa imepigwa marufuku kabisa. Pili, anakula siafu, sisimizi na mchwa tu, na akishikwashikwa siku mbili tatu bila chakula hufa. Heshima inayomfaa ni kumwangalia kwa mbali, kuwazuia watoto wasimguse, na kumwacha aendelee na safari yake.

19. Nimeumwa na mnyama, au nimeingia kwenye pango la popo. Kuna hatari?

Jeraha la kung'atwa na mamalia yeyote, hata kama ni mkwaruzo, lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulize kuhusu chanjo ya kichaa cha mbwa. Dalili zikishaanza, ugonjwa huo karibu kila mara huua, hivyo usisubiri kuona.

Mapango ya Pugu, yaliyobaki baada ya uchimbaji wa kaolini, yana popo wengi, na jioni wanapotoka ni mandhari ya kukumbukwa. Yatazame kutoka nje ukiwa na mwongozaji. Virusi vya Marburg, vilivyozuka Kagera mwaka 2023 na tena 2025, asili yake ni aina moja ya popo wa matunda anayelala mapangoni. Hiyo si sababu ya kuwachoma moto popo. Popo waliofukuzwa hutawanyika na kuingia kwenye majengo mapya, na kundi likivurugwa maambukizi kati yao yanaweza kuongezeka. Usiingie, usimshike popo, usile tunda lililoumwa.

20. Kupanda miti hakutoshi kurudisha wanyama?

Inategemea miti gani na wapi. Shamba la mitiki au mikaratusi linatoa nguzo na mbao, na kwa njia hiyo linaweza kupunguza presha kwenye msitu wa asili. Halilishi komba wala sange. Karibu na kipande cha asili kilichobaki, jambo la kwanza ni kuzuia moto na mifugo kwa miaka kadhaa. Visiki huchipua vyenyewe, na popo na ndege hufanya upanzi. Panda pale tu ambapo mbegu hazifiki tena, na chagua miti ya matunda ya asili ya eneo hilo.

21. Nataka kwenda Pugu kuwaona. Nianzie wapi?

Lango liko upande wa Kisarawe. Kiingilio hulipwa kwa kumbukumbu namba ya malipo ya Serikali, siyo kwa kumpa mtu fedha mkononi. Wakati wa masika njia zinateleza, kwa hiyo Juni hadi Septemba ni afadhali. Kwa kima na ndege fika mapema asubuhi. Kwa komba omba ruhusa ya matembezi ya usiku pamoja na askari, chukua tochi yenye taa nyekundu, tembea polepole ukitafuta macho yanayong'aa. Zima muziki wa simu. Usirushe sauti za komba zilizorekodiwa ili kuwavuta: wanaacha kula wakija kulinda eneo dhidi ya mpinzani asiyekuwepo.

22. Mimi ni mwanafunzi, nataka kufanya utafiti huko.

Utahitaji kibali cha utafiti. Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, TAWIRI, na Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, ndizo za kuanzia, kisha barua kwa msimamizi wa msitu wenyewe. Anza miezi mingi kabla. Kuhusu mada, misitu ya karibu na jiji bado ina maswali ya msingi ambayo mwanafunzi wa shahada ya kwanza anaweza kuyafanyia kazi kwa kinasa sauti na tochi: komba wa Rondo wako wapi leo ndani ya Pugu-Kazimzumbwi, wanatumia miti gani kulala, na wanakaa umbali gani kutoka nyumba ya kwanza. Ongea na wazee wa vijiji jirani kabla ya kuchagua njia zako za kupita. Wanajua mabonde ambayo perere bado wanalia.